Galaksi Yetu Si Uchafu wa Kufutwa



Ipo kauli iliyoota mizizi katika fani yetu: eti mawimbi ya redio ya galaksi yetu ni uchafu uliotanda mbele ya mnururisho wa kale wa ulimwengu, upimwe upesi, utolewe, usahauliwe. Nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, na kila nikiisikia damu hunichemka. Jioni hii naipinga.

Chanzo cha mawimbi hayo mnakijua. Elektroni zenye kasi inayokaribia ya mwanga huzunguka katika uga wa sumaku wa galaksi, na wimbi linalotoka hutikisika zaidi upande mmoja, kama kamba inayochezeshwa juu na chini. Hiyo ndiyo polarizesheni, iliyogunduliwa katika anga la galaksi yetu mwaka 1962.

Wanaoiita uchafu wakumbuke Machi 2014. Kundi la BICEP2, likipima kutoka Ncha ya Kusini kwa masafa ya GHz 150 peke yake, lilitangaza kuona alama ya mawimbi ya mvutano ya mwanzo wa ulimwengu. Mwaka haujaisha, data za setilaiti ya Planck zikaonyesha kuwa vumbi la galaksi hii hii lilichangia kiasi kwamba ushahidi haukutosha tena. Vumbi si elektroni, lakini funzo ni moja: usichokijua huwezi kukitoa.

Wengine hujitetea kwamba tupime masafa ya juu tu, ambako mwelekeo wa wimbi haupindwi sana na gesi yenye chaji. Kweli, msokoto huo hukua kwa mraba wa urefu wa wimbi: kwenye MHz 408, wimbi la sentimita 73, ni takriban mara 12 ya ule wa MHz 1411. Lakini msokoto wenyewe ndio habari! Unatueleza elektroni na sumaku zilizoko njiani. Anayeukimbia anakimbia nusu ya jibu.

Ndiyo maana sichoki kusoma makala ya Brouw na Spoelstra ya mwaka 1976. Nakala yangu imechakaa kingo, na kila mwanafunzi wangu huanza nayo. Kwa sahani ya mita 25 ya Dwingeloo, Uholanzi, walitoa ramani za masafa matano, kuanzia MHz 408 hadi 1411. Tazameni vistari vyake vya mwelekeo wa wimbi karibu na longitudo 140 ya galaksi: kwenye masafa ya juu vimejipanga sambamba, ukishuka, vinavurugika. Walihangaika kuondoa joto la ardhi linalopenya pembeni mwa sahani, maana kwenye masafa ya juu ishara ya anga haifiki hata kelvini moja. Mwaka 2006, ramani mpya ya Penticton, Kanada, bado ilitegemea vipimo vyao kupata kiwango chake cha sifuri.

Nakiri kwamba sahani 64 za MeerKAT, huko Karoo, Afrika Kusini, huona mambo madogo ambayo Dwingeloo haikuyaota. Ila mtandao wa sahani haushiki mng'ao mpana, na mng'ao huo ukikosekana, pembe za polarizesheni zinapotoka. Huko huko Karoo, mradi wa C-BASS ulitumia sahani moja ya mita 7.6 kwa GHz 5, kuikamilisha ile ya California.

Kwa hiyo msimamo wangu ni ule ule: chuo chenye sahani moja ndogo, masafa kadhaa na subira ya kupima sifuri kwa uaminifu kina kazi ya maana ya kufanya. Wanafunzi, anzeni na joto la ardhi.