Joto Lisilo na Sumu

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya mikono yangu huko Kanada, ninakoishi. Wengine mmesikia kwamba nimejenga ndege, mkadhani ni mzaha. Si mzaha. Sheria ya Kanada humruhusu mtu kujijengea ndege ndogo, mradi sehemu kubwa ya kazi aifanye mwenyewe na ndege ikaguliwe. Yangu ina viti viwili, nami niliijenga bandani, nyuma ya nyumba, kwa miaka sita. Lakini leo sitasema habari za mabawa. Nitasema habari za kitu kidogo kilichomo ndani yake, nacho ni hita.

Mtauliza, hita ya nini? Karibu na Edmonton, mwezi wa Januari, baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri si ajabu. Vidole vikifa ganzi, rubani hawezi kushika usukani wala kukunjua ramani.

Ndege nyingi ndogo hupata joto kwa njia rahisi. Bomba la moshi huvikwa gamba la bati, hewa ikapita katikati, ikapata moto, ikaingia kwa rubani. Ndege yangu ya kwanza, niliyoinunua ikiwa imekwisha tumika, ilikuwa hivyo. Siku moja angani kichwa kilianza kuniuma, na usingizi ukaninyemelea. Nikaitazama kadi ya kugundua sumu iliyobandikwa mbele yangu. Doa lake lilikuwa limegeuka jeusi. Nilifunga hita, nikafungua dirisha, nikatua nikitetemeka. Bomba la moshi lilikuwa na ufa usiozidi urefu wa ukucha.

Sumu ile mnaijua. Ndiyo ile ya jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Jina lake ni kaboni monoksidi, nayo haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Wengi waliolala nayo hawakuamka.

Basi nilipojenga ya kwangu, niliapa kutoota moto wa moshi tena. Injini niliyoichagua ni Rotax 912, itengenezwayo Austria. Silinda zake hupozwa kwa hewa, lakini silinda hedi hupozwa kwa maji yaliyochanganywa na glaikoli, nusu kwa nusu, yasigande. Maji hayo hubeba joto hadi kwenye rejeta, na huko joto hutupwa bure. Nikasema, kwa nini nisipate fungu langu kwanza? Nikatafuta rejeta ndogo ya hita ya gari, nikaifungia feni, nikatoboa ukuta wa chuma unaotenga injini na chumba cha rubani, nikapitisha mipira miwili, mmoja wa kuleta maji ya moto na mwingine wa kuyarudisha kwenye pampu. Kila mpira nikautia koki. Koki hizo ziko kwenye njia ya pembeni, si njia kuu. Maana ukifunga njia kuu, umeinyima injini maji yake.

Hapo kiburi kikaniingia. Tulipowasha injini uwanjani, hita ilitoa hewa baridi, na geji ya joto ikaanza kupanda upesi. Nikasema, "Ni geji tu. Tukiruka, upepo utaipoza." Mzee mmoja mkulima, aliyejenga ndege kabla yangu, akaniambia neno moja, "Zima."

Nilinuna, lakini nilizima. Akauliza, "Hewa yako umeitolea wapi?" Ndugu zangu, nilikuwa nimeifunga hita juu, chini kidogo ya kioo cha mbele, mahali palipozidi kimo cha tangi dogo la maji la injini. Hewa hupanda juu; ilikuwa imenaswa humo, maji hayapiti, na pampu inavuta mapovu. Jambo hilo nilifundishwa katika shule hii hii, Kidato cha Pili, na mtihani nikafaulu! Tungeruka siku ile, injini ingeungua kabla hatujarudi.

Nikaishusha hita karibu na miguu, nikaitia skrubu ya kutolea hewa, nikajaza maji polepole. Nikawasha, nikazima, nikangoja injini ipoe ndipo nifungue kifuniko na kuongeza, kwa siku tatu. Ndipo tukaruka, nami nikavua glavu angani kwa mara ya kwanza.

Je, hita hii haina hatari? Inayo. Mpira ukipasuka, injini hupoteza maji. Lakini glaikoli hutoa harufu tamu, na kioo hufunikwa na ukungu. Utajua, utafunga koki zote mbili, utatua. Kasoro ya moshi hunyamaza. Hii hupiga kelele. Na ile kadi bado nimeibandika, kwani bomba la moshi lingali mbele yangu.

Vijana, jengeni, msiogope. Ila msijenge peke yenu. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu ninalo, kwa sababu mzee yule alisema "Zima", nami nikasikia.