Injinia wa Dawa ni Mfanyakazi Mwenzetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Nairobi)



Sisi wa reli twajua kuwa breki mbovu haijionyeshi stesheni, yajionyesha mteremkoni. Dawa nayo ni hivyo hivyo. Kidonge kibaya hakijulikani kwa macho.

Reli yetu yatoka mjini, yapita Kibera na Dagoretti, yafika Kikuyu. Hapo Kikuyu pana kiwanda cha dawa cha Universal Corporation. Mwaka 2011 dawa yake moja ya UKIMWI ilikubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Ni fahari yetu sote.

Katika viwanda vya namna hiyo huingia vijana wetu wenye digrii ya uinjinia. Kazi yao ni kuona maji yamesafishwa, hewa imechujwa, mashine yatoa vidonge vya uzito mmoja, na kila jambo limeandikwa. Lisiloandikwa huhesabiwa kuwa halikufanywa.

Sheria ya Mainjinia ya 2011 yataka kijana huyo afanye kazi miaka 3 au zaidi kabla ya kuandikishwa injinia kamili. Miaka hiyo ni ya hofu. Akiambiwa, "Endesha, mzigo wangojewa," atathubutu kuisimamisha mashine?

Basi tusimwite bwana mkubwa, wala yeye asituone sisi wenye grisi mikononi kuwa si wenzake. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kuingia chama. Mwanao akiajiriwa huko, mwambie hayo mapema. Aliye peke yake hunyamaza, mwenye wenzake husema, "Bado, haijawa salama."