NYUMBA ILIYO NDOGO, LAKINI IMEEZEKWA

(Mazungumzo ya katibu mstaafu wa chama cha msingi mbele ya makatibu na wanachama, Tunduma)



Nimeombwa nizungumze juu ya makazi ya mwanachama. Nitazungumza juu ya nyumba iliyo ndogo. Wale wanaocheka huko nyuma naomba wanielewe: nakusudia nyumba ya matofali, wala si ile nyingine ambayo mitaani imepewa jina hilo. (Kicheko.)

Kila ajaye hapa kutoka Vwawa huyapita mapagale kando ya barabara kuu. Kuta zimesimama, madirisha ni matundu, nyasi zimeota sebuleni. Nami nilikuwa na la kwangu.

Mwaka 2013 nilichimba msingi wa nyumba ya vyumba sita. Kila msimu wa kahawa ulipokwisha niliongeza mistari ya matofali, hata mwaka 2018 nikafika kwenye linta, nikakwama. Muda wote huo mimi, mke wangu na watoto watatu tulikuwa tumepanga chumba kimoja hapa mjini, tukilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Tunduma ni mji wa mpaka. Reli ya TAZARA na barabara kuu ya kwenda Zambia zote hupita hapa, na kituo cha huduma kwa pamoja mpakani, kati yetu na Nakonde, kilifunguliwa mwaka 2019. Katika mji wa namna hii mwenye chumba hana haja ya kumbembeleza mpangaji.

Nakiri mbele yenu jambo baya zaidi. Mwaka ule wa 2018 fedha za pembejeo nilizokopa chamani nilizigeuza kuwa saruji. Mibuni ikakosa mbolea, mavuno yakapungua, deni likabaki palepale. Katibu niliyewaandikia wenzangu barua za madai, nikawa mdaiwa katika daftari langu mwenyewe.

Usiku mmoja wa mvua mke wangu aliniambia, "Baba watoto, mabati ishirini yangetosha kutufunika. Wewe unangoja mia moja, na sisi tunazidi kulipia mlango wa mwenzetu." Sikulala. Asubuhi nilichukua karatasi na kalamu, na hesabu niliyoipata ndiyo niliyowaletea leo.

Nyumba ya mita 12 kwa 10 ina ukuta wa nje wenye mzunguko wa mita 44, na eneo lake ni mita za mraba 120. Nyumba ya mita 6 kwa 4 ina mzunguko wa mita 20, na eneo lake ni mita za mraba 24. Tazameni basi: ukuta wa nje umezidi mara mbili na kidogo, bali eneo la kuezekwa limezidi mara tano. Tena matofali tunayafyatua na kuyachoma wenyewe, lakini mabati, misumari na mbao za kupaulia hudai fedha taslimu. Ndiyo sababu pagale hufika kwenye linta likasimama. Kuta hutudanganya kwamba tumekaribia kumaliza, kumbe gharama kubwa ingali mbele.

Uamuzi haukuwa mwepesi. Niliwaza wageni watalala wapi, na wenzangu wa rika watasema nini wakiniona katibu mzima naingia katika vyumba viwili. Lakini wahenga walisema, kibaya chako si chema cha mwenzio. Mwaka 2020 tulijenga vyumba viwili pembeni mwa kiwanja kilekile, tukahamia kabla ya mvua za Novemba. Fedha iliyokuwa ikienda kwenye kodi ililipa kwanza deni la chama, kisha ikanunua mbolea.

Sitawaficha taabu zake. Watoto watatu, wa kike na wa kiume, walitenganishwa kwa pazia, na jambo hilo halikunipendeza. Ilipofika mwaka 2022 niliongeza chumba cha tatu. Matofali niliyatoa katika kuta zile kubwa, ambazo mvua ilikwisha kuanza kuzila kwa juu. Siku ya kuzibomoa nilisimama kando, sikushika nyundo. Mke wangu ndiye aliyeshika.

Basi, kabla ya kuhama, mwanachama ajiulize haya. Je, kiwanja ni changu kwa maandishi, wala hakimo katika hifadhi ya barabara? Je, choo na jiko vimekwisha? Je, nyumba imewekwa mahali ambapo itaweza kuongezwa chumba bila kubomolewa? Je, mwenzangu wa ndoa ameridhika? Hili la mwisho si adabu tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Asiyeweza kujibu ndiyo kwa yote manne, asubiri.

Nanyi makatibu, msimkataze mwanachama kuota nyumba kubwa. Lakini akija kuomba mkopo wa pembejeo, nanyi mnajua ana pagale, muulizeni kwa upole, "Ndugu, utaezeka lini, na kwa fedha ipi?" Mimi hakuna aliyeniuliza, kwa kuwa mwulizaji nilikuwa mimi.