GARI LINACHEMSHA: TUPIME KWANZA, TUNUNUE BAADAYE

Ndugu wasomaji, haya ni mazungumzo tuliyoyatoa Chimala, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, mbele ya madereva, matingo na wanavikundi wenye magari na matrekta. Wengi waliomba yaandikwe ili wayasome nyumbani taratibu. Basi tumeyaandika kama tulivyoyasema.

 

Sisi si mafundi. Sisi ni wakulima. Tunalima viazi kule Matamba, wilaya ya Makete. Zamani Makete ilikuwa mkoa wa Iringa. Tangu mwaka 2012 iko mkoa wa Njombe. Kikundi chetu kina gari moja tu, Land Cruiser la zamani la dizeli. Gari hilo ndilo linaloteremsha viazi na kupandisha mbolea. Mtu akiugua usiku, gari ni hilo hilo.

Njia yetu mnaijua. Ni ile ya kona 57, ambayo watu huiita Hamsini na Saba. Ukitoka hapa Chimala unapanda, unapanda, mpaka bonde la Usangu unaliona chini kama mkeka uliotandikwa. Hapo ndipo gari letu lilipoanza kuchemsha.

Leo hatukuja kujisifu. Tumekuja kusema tulivyokosea. Tulikosea mara tatu, na kila kosa lilitugharimu.

KOSA LA KWANZA: KUFUNGUA MFUNIKO

Siku hiyo tulikuwa na mzigo wa mbolea. Katikati ya mlima, mshale wa joto ukafika kwenye alama nyekundu. Mvuke ukatoka kwenye boneti. Tukasimama. Sote tukapiga kelele, "Maji! Leteni maji!" Utingo wetu ni kijana mwenye moyo wa kazi. Akashika tambara, akazungusha mfuniko wa rejeta. Maji yakaruka juu. Yakamwunguza mkono na kifua. Kovu analo mpaka leo.

Hakukosea peke yake. Sisi tuliokuwa tunamhimiza ndio tuliokosea zaidi.

Kwa nini maji yaliruka? Sikilizeni. Kule pwani maji huchemka yakifika digrii 100. Ukipanda juu, huchemka mapema zaidi. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye digrii 94 hivi. Kitulo, kwenye mita zaidi ya 2,600, huchemka kwenye digrii 91 hivi. Ndiyo maana akina mama wa kwetu husema maharage hayaivi upesi. Maji yanatokota, lakini moto wake ni mdogo.

Sasa mfuniko wa rejeta una springi. Unayabana maji yasichemke mapema. Mfuniko mzima huongeza digrii 20 hivi kabla maji hayajachemka. Ukiufungua injini ikiwa na moto, ule mbano unakwisha ghafla. Maji yanageuka mvuke na kuruka. Tambara halizuii kitu.

Basi gari likichemsha, fanyeni hivi. Simameni mahali salama. Wekeni mawe kwenye magurudumu. Zimeni injini. Fungueni boneti kwa uangalifu, lakini mfuniko wa rejeta msiuguse. Ngojeni nusu saa au zaidi, mpaka rejeta ishikike kwa mkono bila kuunguza. Msimwagie injini maji baridi. Chuma chenye moto kikipata maji baridi ghafla hupasuka, na silinda hedi ikipasuka hasara yake ni kubwa.

Na mtu akiungua, mmwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Msimpake mafuta, dawa ya meno wala unga.

KOSA LA PILI: KUTOA THEMOSTATI

Tulipofika nyumbani tukaita fundi. Hakupima kitu. Alisema, "Toeni themostati. Huku milimani haina kazi." Tukakubali. Ikatolewa, ikatupwa.

Themostati ni kidude kidogo kama mlango. Injini ikiwa baridi, mlango unafungwa, na maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate moto upesi. Maji yakifika digrii 82 hivi, mlango unaanza kufunguka, na maji yanakwenda kwenye rejeta kupozwa.

Kumbe katika injini nyingi, yetu ikiwemo, themostati ina kazi nyingine. Inapofungua njia ya rejeta, inaziba ile njia ya mkato ya ndani. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Maji mengi yanapita humo, yanarudi kwenye injini bila kupozwa. Kwa hiyo gari letu likawa la ajabu. Asubuhi ya baridi kule juu injini haikupata moto. Lakini kwenye mlima na mzigo, ilichemsha kuliko kwanza.

KOSA LA TATU: KUNUNUA KABLA YA KUPIMA

Fundi wa pili naye akasema, "Rejeta imekufa." Tukauza magunia kumi ya viazi, tukanunua rejeta nyingine. Tukaifunga. Gari likachemsha vile vile.

Fundi wa tatu akasema, "Basi ni gasketi. Tufungue injini." Hapo kikundi kikagawanyika. Wengine walisema tufungue. Wengine walisema tuliuze gari kama chuma chakavu, tugawane fedha. Kikao kilikwisha kwa maneno makali. Ndugu zetu, kidogo tu kikundi kingevunjika, na watu wa kijiji wangerudi kubeba wagonjwa kwa machela.

Ndipo tukamkumbuka mzee mmoja, dereva wa trekta wa zamani. Tukamwendea, tukamwamkia, tukamweleza. Hakuomba spana. Aliuliza swali moja tu: "Wanangu, linachemsha wakati gani?"

SWALI LA KWANZA: WAKATI GANI?

Mzee alitufundisha hivi:

Likichemsha likiwa limesimama au likitembea polepole, lakini likikimbia linapoa, shuku feni au mkanda wake.

Likichemsha mlimani na mzigo tu, shuku rejeta chafu, maji yasiyozunguka vizuri, au mzigo uliozidi.

Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa likiwa baridi, shuku themostati iliyokwama imefungwa, au gasketi.

Likipungukiwa maji kila siku, tafuta yanapovujia.

Na tahadhari moja. Mshale ukipanda kisha ukaanguka ghafla, usifurahi. Huenda maji yamekwisha, na kipimo hakiguswi tena na maji. Zima injini mara moja.

PIMENI KWA UTARATIBU HUU

Anzeni na visivyo na gharama. Injini iwe baridi na imezimwa.

1. Maji. Fungua mfuniko, tazama kama yamejaa. Yakiwa na rangi ya kutu au mafuta, kuna jambo.

2. Uvujaji. Tazama chini ya gari, kwenye mipira, na chini ya pampu ya maji. Alama nyeupe au ya kutu iliyokauka ni njia ya maji.

3. Mkanda wa feni. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukizama sentimita moja hivi, ni sawa kwa magari mengi. Ukizama sana, kaza. Ukiwa na mafuta au nyufa, badilisha.

4. Rejeta kwa nje. Matope, mbegu za majani na wadudu huziba mapezi yake. Hewa haipiti. Mwagia maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, usitumie nguvu nyingi.

5. Mipira. Mpira wa chini ukiwa laini sana, hunywea injini inapozunguka kwa kasi, na maji hayapiti. Mtu mmoja akanyage mafuta, mwingine atazame kwa mbali. Mikono na nguo zikae mbali na feni.

6. Mfuniko. Raba yake ikikatika au springi ikilegea, maji huchemka mapema. Kumbukeni digrii zetu za milimani. Mfuniko mbovu huku juu ni hatari kuliko pwani.

7. Themostati. Itoe, itie kwenye sufuria ya maji, weka jikoni. Maji yakikaribia kuchemka lazima ifunguke. Isipofunguka, nunua nyingine. Usiifunge mbovu, wala usiache pengo.

8. Gasketi. Hii ni ya mwisho. Washa injini ikiwa baridi kabisa, mfuniko ukiwa wazi, utazame. Maji yakitoa mapovu mfululizo bila kukoma, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Ukitoa kijiti cha oili ukaona oili kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Hapo ndipo mwite fundi afungue.

MZEE ALIONA NINI?

Mzee alipima moja moja. Mapovu hayakuwepo. Oili ilikuwa safi. Gasketi haikuwa na kosa. Alipofika kwenye themostati, akakuta pengo tupu. Akatutazama, akacheka kidogo.

Kisha akaomba aone ile rejeta ya zamani. Ilikuwa nyuma ya ghala. Akaiinua juani. Mwanga haukupita. Mapezi yote yalijaa matope na mbegu za majani. Tukaiosha. Tukamimina maji ndani, yakapita vizuri.

Basi mambo yakawa wazi. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa uchafu tu. Ndoo chache za maji zingeuponya. Tulipotoa themostati, tulileta ugonjwa wa pili kwa mikono yetu. Rejeta mpya iliondoa ule wa kwanza, lakini huu wa pili ukabaki. Ndiyo maana tulinunua na hatukupona.

Tukanunua themostati. Bei yake haikufika gunia moja. Tukapakia mbolea, safari hii kwa kiasi, tukapanda Hamsini na Saba. Dereva aliingiza gia ndogo mapema, hakulazimisha injini. Mshale ulikaa katikati mpaka juu.

MANENO YA MWISHO

Tumieni maji safi. Maji ya matope na ya chumvi huziba rejeta kwa ndani. Maji ya mvua yaliyochujwa ni bora. Mkiweza, changanyeni na dawa ya rejeta, ambayo madukani huitwa kulanti. Inazuia kutu. Pia kule Kitulo, miezi ya Juni na Julai, inazuia maji yasigande na kupasua injini. Lakini ni sumu, na ladha yake ni tamu. Iwekeni mbali na watoto na mifugo.

Leo utingo wetu ndiye mkaguzi. Kila asubuhi, kabla gari halijawashwa, anatazama maji, oili na mkanda, na anaandika kwenye daftari. Kusoma na kuandika kumekuwa spana yetu ya kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa na moto?

2. Gari linachemsha likisimama sokoni, lakini likikimbia linapoa. Utaanza kupima nini?

3. Katika kikundi chenu, nani anakagua gari au trekta kila asubuhi? Anaandika wapi?