Funza wa Sakafuni

Huko Bongwe, bara kidogo ya hoteli za Diani, nyumba yenye sakafu ya udongo ni makazi mazuri ya funza. Huyu ni kiroboto mgeni: alishuka Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazili, na karne haijaisha akawa keshafika Afrika Mashariki.

Jike hujichimbia mguuni, akavimba kama punje ya dengu na kumwaga mayai mamia.

Wengi humchokonoa kwa pini, tena pini moja kwa watoto wote, jambo linaloweza kuambukiza hata homa ya ini. Mafuta ya dimetikoni humuua bila kuchokoa. Lakini mabuu hukulia vumbini chumbani. Bila sakafu ya saruji, ni kunyunyiza maji na kufagia kila siku. Mbwa naye hushikwa na funza, kwa hiyo atibiwe.