Hati za Paris, Hasira za Kigali: Mahakama za Kigeni na Uhusiano wa Mataifa

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wanasheria na waandishi wa habari



1. Utangulizi

Jaji wa nchi moja anapotoa hati ya kumkamata ofisa wa nchi nyingine kwa damu iliyomwagika zamani, mabalozi hufungasha mizigo. Je, majaji wazuiwe ili amani ya kibalozi idumu? Nitalijibu swali hili kwa kesi moja, ya Ufaransa na Rwanda, ambayo imekwenda hadi mwisho wake na hivyo inapimika. Msimamo wangu ni kwamba mgogoro ule ulikuzwa na uchunguzi mbovu, na kwamba jibu la uchunguzi mbovu ni uchunguzi bora.

2. Chimbuko la mgogoro

Usiku wa 6 Aprili 1994, ndege aina ya Falcon 50 iliyotoka Dar es Salaam kwenye mkutano wa viongozi wa kanda ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Ilikuwa imewabeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Watu wote 12 walifariki. Saa chache baadaye mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yameanza.

Miongoni mwa waliofariki walikuwamo Wafaransa watatu walioiendesha ndege hiyo. Familia zao zilifungua malalamiko Paris, na mwaka 1998 uchunguzi ukaanza chini ya Jaji Jean-Louis Bruguière. Tulizingatie hili: mahakama ya Ufaransa haikujitwalia kesi isiyoihusu. Raia wake waliuawa, na wajane na yatima walikuwa na haki ya kujua nani aliwaua.

Novemba 2006 Bruguière alitoa hati tisa za kuwakamata watu wa karibu wa Rais Paul Kagame wa Rwanda, akidai kwamba makombora yalirushwa kutoka kilima cha Masaka na wapiganaji wa RPF, kundi la waasi lililoongozwa na Kagame wakati huo. Kagame mwenyewe hakuguswa, kwa kuwa rais aliyeko madarakani ana kinga. Lakini jaji huyo alifikia uamuzi huo bila kukanyaga Rwanda. Hakupaona ndege ilipoangukia, na alitegemea sana mashahidi walioikimbia serikali ya Kigali, ambao baadhi yao baadaye waliyageuka maelezo yao.

Rwanda ilivunja uhusiano tarehe 24 Novemba 2006. Balozi wa Ufaransa alipewa saa 24 kuondoka. Shule ya Kifaransa na kituo cha utamaduni vikafungwa, matangazo ya redio ya Ufaransa, RFI, yakazimwa.

3. Frankfurt, Novemba 2008

Rose Kabuye, mkuu wa itifaki wa Rais Kagame, alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Frankfurt tarehe 9 Novemba 2008 kwa hati ile ya Ufaransa. Mgogoro wa nchi mbili sasa ukawa wa nchi tatu: Rwanda ikamfukuza balozi wa Ujerumani, na wananchi wakaandamana Kigali.

Hata hivyo, kukamatwa huko kulifungua mlango. Kabuye alipopelekwa Paris na kushtakiwa, mawakili wake walipata haki ya kulisoma jalada. Kwa mara ya kwanza upande wa Kigali uliona ushahidi uliotumika na ukaweza kuujibu hoja kwa hoja. Ile miaka miwili ya kutupiana maneno ilipata pa kuishia: mbele ya jaji.

4. Uchunguzi uliofanywa upya

Jalada lilikuwa limekwisha kuhamia kwa Jaji Marc Trévidic na Jaji Nathalie Poux. Mwaka 2010 walifika Rwanda pamoja na wataalamu wa makombora na ndege. Walipima ardhi, wakachunguza mabaki ya ndege, wakawauliza mashahidi walikuwa wamesimama wapi na walisikia nini. Watu waliokuwa ndani ya kambi ya jeshi ya Kanombe walikuwa wamesikia mlio wa kombora likirushwa. Uchambuzi wa sauti ulionyesha kwamba mlio huo usingewafikia kwa namna ile kama kombora lingerushwa mbali kule Masaka. Ripoti ya Januari 2012 ikasema eneo lenye uwezekano mkubwa zaidi ni Kanombe, kambi iliyokuwa mikononi mwa jeshi la Habyarimana.

Ripoti haikumtaja aliyerusha. Desemba 2018 kesi ilifutwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Mahakama ya rufani ikakubaliana na uamuzi huo Julai 2020, na Mahakama ya Kasesheni ikaufunga mjadala Februari 2022.

Mwenzangu anaweza kupinga: uhusiano ulirejeshwa Novemba 2009, kabla ya ripoti, kwa hiyo uliponywa na wanasiasa. Ni kweli, na mapatano hayo yaliwarahisishia majaji kazi. Lakini mapatano hayawezi kumsafisha mtu aliyetuhumiwa. Hilo lilifanywa na mahakama ileile iliyotuhumu.

5. Hatari ya kukataa kila kitu

Julai 2008, huko Sharm el-Sheikh, Umoja wa Afrika ulilaani matumizi mabaya ya mamlaka ya mahakama za kigeni. Malalamiko hayo yana msingi. Wenye nguvu huwachunguza wanyonge mara nyingi kuliko kinyume chake. Lakini mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ni mahakama za Brussels zilizowahukumu Wanyarwanda wanne mwaka 2001, na mahakama ya Paris iliyompa Pascal Simbikangwa miaka 25 mwaka 2014, wote kwa uhalifu uliofanyika wakati wa mauaji ya kimbari. Manusura walizipokea hukumu hizo kama haki. Tukiufunga mlango kwa sababu ya hati za 2006, tunaufunga kwa manusura pia.

6. Mapendekezo

Kwanza, jaji asitoe hati dhidi ya ofisa wa nchi nyingine kabla ya kuomba rasmi kufika mahali pa tukio. Akikataliwa, aiandike sababu hiyo ndani ya jalada.

Pili, serikali inayotuhumiwa itume mawakili kabla ya kufukuza mabalozi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tuhukumu wenyewe. Ubelgiji iliishtaki Senegal kwa sababu ya Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad aliyekimbilia huko, na Julai 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaiamuru Senegal imshtaki au imkabidhi bila kuchelewa. Tarehe 30 Mei 2016 Habré alihukumiwa kifungo cha maisha Dakar, mbele ya mahakama maalumu ya Kiafrika. Kinyume chake, Itifaki ya Malabo ya 2014 ina kifungu kinachowapa kinga viongozi walioko madarakani mbele ya mahakama yetu wenyewe ya Afrika. Kifungu hicho kiondolewe, kwani kila mlango tunaoufunga nyumbani unawasukuma waliodhulumiwa kwenda kugonga Paris na Brussels.

7. Hitimisho

Serikali isiyotaka maofisa wake wahojiwe ugenini ina njia moja ya heshima: iwahoji yenyewe, hadharani, kwa ushahidi ambao jaji wa nchi yoyote akiusoma ataukubali.