Sikukuu za Mungu na Sheria za Serikali



Katekista mmoja ametuletea swali. Mkuu wa kijiji chake aliwaita watu wote kwenye salongo, kusafisha barabara, siku ya Jumapili asubuhi, saa ileile ya ibada. Wakristu wengine walikwenda, wengine walikataa, na sasa waliokataa wanawaita wenzao wapagani. Katekista anauliza: je, Serikali ina ruhusa ya kuigusa siku ya Mungu?

Swali hili si geni katika nchi yetu. Wazee wanaotusikiliza wanaukumbuka mwaka 1974. Mwaka ule serikali ya Rais Mobutu iliiondoa Noeli katika hesabu ya siku za mapumziko. Tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi na ya masomo kama siku nyingine. Kabla ya hapo, mwaka 1972, majina ya kikristu yalikuwa yamekatazwa, na Kardinali Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alifukuzwa katika nyumba yake akakaa Roma kwa miezi kadhaa. Shule za misioni nazo zilitwaliwa, zikarudi mikononi mwa Eklezia kwa mapatano ya mwaka 1977.

Basi tuulizane: mwaka ule Noeli ilikufa? Haikufa. Sheria iliondoa pumziko, haikuweza kuondoa sikukuu. Pumziko ni jambo la Serikali, kwa maana Serikali ndiyo inayofungua na kufunga ofisi zake. Lakini kuzaliwa kwa Mkombozi hakukuamriwa na rais yeyote, wala hakuna rais awezaye kukufuta.

Wakristu wa kwanza walilijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Yapata mwaka 112 Plinio, liwali wa Kirumi katika nchi ya Bithinia, alimwandikia Kaisari Trayano habari za Wakristu, kwamba hukusanyika siku yao maalumu kabla ya mapambazuko. Kwa nini gizani? Sisi twafikiri ni kwa sababu jua likichomoza wengi wao walitakiwa kazini, na watumwa walitakiwa kwa mabwana zao. Walingoja miaka mia mbili na zaidi, hata mwaka 321, ndipo Kaisari Konstantino alipoamuru mahakimu na watu wa mijini wapumzike siku ya Jumapili. Wakulima aliwaacha walime. (Tunajua wakulima wetu watacheka kusikia hivyo.)

Lakini tusidhani kwamba ni Serikali peke yake inayovuka mpaka. Wakati wa Wabelgiji, misioni zetu zilikaa karibu mno na wakubwa. Mwaka 1921 Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuwaombea wagonjwa kule Nkamba, na mwaka uleule alikamatwa. Alihukumiwa kifo, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka thelathini, akafa tarehe 12 Oktoba 1951 huko Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Wapo wamisionari wa Eklezia yetu waliotaka Serikali imkomeshe kwa nguvu. Tunasema hayo kwa haya, lakini ni lazima yasemwe.

Tangu mwaka 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko kwa nchi nzima, kwa kumkumbuka Kimbangu. Tumesikia Wakatoliki wakinung'unika: «Kwa nini tupumzike kwa ajili ya kanisa la wengine?» Ndugu, hakuna aliyewaamuru kusali Nkamba. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba Eklezia na Serikali kila mmoja ana kazi yake na uhuru wake. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 nayo inasema Serikali haina dini, na kila mtu ana haki ya kufuata dini yake. Yule Mwislamu wa Kasongo anapumzika siku ya Noeli asiyoisherehekea. Naye mtoto wake asipofika darasani siku ya Idi, je, mwalimu Mkristu anamwandika kuwa mtoro?

Sasa turudi kwa katekista wetu. Waliokwenda barabarani si wapagani. Barabara ile ndiyo inayompitisha mgonjwa kwenda hospitali, na mama mwenye mimba pia. Waliokataa nao hawakukosa kuipenda siku ya Bwana. Walikosa kuwatukana ndugu zao. Salongo ikiitwa tena Jumapili, fanyeni ibada alfajiri, kama wale wa Bithinia. Kisha wazee watatu waende kwa mkuu, nyumbani kwake, kwa heshima, si barabarani kwa kelele, wamwombe achague siku nyingine.

Siku gani? Wengi watasema Jumamosi. Ngojeni kidogo. Katika vijiji vingi wamo Waadventista, nao Jumamosi ndiyo siku yao ya kusali. Tukimwomba mkuu aiweke salongo Jumamosi, tutakuwa tumewatwika wao mzigo tuliokataa kuubeba sisi. Kwa hiyo kaeni kwanza pamoja nao, Waislamu wakiwapo waiteni pia, kwa sababu wao husali Ijumaa adhuhuri. Huenda mtapatana siku ya Alhamisi, kama si siku ya soko lenu.